Ukitoka Sabasaba na Hela Mfukoni: Chombo Gani cha Kazi Ununue Kwanza

Banda la pikipiki pale kwenye maonesho ya biashara ya Sabasaba unalijua kwa harufu kabla hujalifikia: mpira mpya, rangi, na ile dawa wanayopaka tairi ili zing'ae kama zimetoka kuoga. Nje kuna vumbi la Barabara ya Kilwa, mishkaki, na watoto wanaolilia baluni. Ndani kuna zulia jekundu, na juu ya zulia pikipiki imesimama kwa stendi ya kati, usukani umekatwa kidogo kushoto, kama bwana harusi anayepiga picha. Kijana wa mauzo anakwambia, "Panda tu bosi, kupanda bure." Ukishapanda ukashika klachi, hela imeshatoka moyoni hata kama bado iko mfukoni.

Nimepanda hizo za bure miaka mingi. Mara moja nikanunua kabisa, na nitasimulia kilichonipata. Sasa maonesho yamekwisha, vipeperushi vimejaa mezani, na kila wiki kuna mtu ananiuliza: "Kaka, nimevunja kikoba, nina hela yangu, ninunue nini?" Hataki gari la kutembelea Jumapili. Anataka chombo kitakachomletea hesabu, ile hela ya kila siku. Basi nimevipanga nilivyoviona, vya mabandani na vya yadi za magari ambazo wengi hupitia wakitoka huko, kuanzia kile ambacho ningemnunulia mdogo wangu leo hadi kile ambacho ningemfungia mlango asiende kukinunua.

Kipimo changu

Kuna wanaopima chombo kwa cc, wengine kwa rangi, wengine kwa kinavyounguruma. Mimi siku hizi napima kwa fundi. Kabla hujatoa hata shilingi ya kutanguliza, nenda kwa fundi aliye karibu kabisa na mahali chombo kitakapolala, yule wa chini ya mwarobaini mwenye beseni la petroli na kopo la nati. Muulize: nikikuletea hiki kesho utakifungua? Spea zake unazipata wapi, na kwa siku ngapi? Mara ya mwisho ulikifungua lini? Akikujibu bila kuinua kichwa kwenye kazi yake, umepata chombo. Akisimama, akajifuta mikono, akasema "kwani injini si zote moja tu," kaa mbali.

Haya sikuyasoma kwenye kipeperushi. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua pikipiki palepale bandani: cc 150, tenki pana, rimu za sporti, taa ya mbele yenye macho mawili. Jina lake nalihifadhi. Niliambiwa bei ni ya maonesho, kesho inapanda. Mwezi wa tano tangu niinunue, gia ya tatu ikaanza kuruka. Unaweka, inashika, ukiongeza moto inatoka yenyewe na mlio wa kukwaruza unaoufahamu mpaka kwenye fizi. Fundi akafungua, akaitoa ile gia akaishika kwa vidole viwili, meno yake yamelika upande mmoja kama jino la mtu aliyetafuna miwa maisha yake yote. Akasema, "Bosi, hii sijawahi kuiona." Nikazunguka Kariakoo siku mbili, na kweli hata wauza spea hawakuwa wameiona. Namba ya simu iliyokuwa kwenye risiti haipatikani. Pikipiki ikalala wiki 6, dereva akapata bosi mwingine, na mwishowe nikaiuza nusu ya bei kwa mtu aliyezitaka rimu tu. Kwa hiyo mkiniona nashtushwa na ung'ongo, nimeshaumwa na nyoka.

Namba 1: Pikipiki ya Kihindi ya cc 125

Boxer 125 au TVS HLX 125. Najua hakuna siri hapo, na aliyekuja kutafuta siri ataondoka na njaa. Lakini simama asubuhi kwenye kijiwe chochote kuanzia Mbagala hadi Bunju uhesabu, halafu ujiulize kwa nini watu wasio na hela ya kuchezea wameangukia vitu vilevile.

Boxer ni ya Bajaj, kampuni ya Pune, India, ileile iliyotupa neno bajaji, ingawa pikipiki yake hakuna anayeiita hivyo. HLX ni ya TVS, ambao kiwanda chao kikubwa kiko Hosur, kusini mwa India. Zote zina injini ya silinda moja inayopozwa na upepo, na ukiinama kidogo unaona kila kitu kilipo. Klachi plate, plagi, cheni, sproketi, kebo na shokapu unavipata Kariakoo, unavipata Mbagala, na mara nyingi unavipata hata duka la spea la njia panda ambako soda ya baridi hakuna. Kuna vya orijino na vya bei poa. Muuzaji mwenyewe atakuuliza unataka kipi, na hilo tu linatosha kukuonyesha soko lilivyokomaa.

Kwa nini 125 na siyo 150? Kwa sababu mjini hakuna mahali pa kuitumia tofauti hiyo. Kutoka Tandika hadi Posta unashindana na foleni, matuta na trafiki, hushindani na upepo. Unachokilipia kila jioni ni petroli, na 125 ikiendeshwa kistaarabu, lita moja inakupeleka kilometa 40 na kitu. Dereva akiwa ni wa kuvuta gia ya pili mpaka injini ilie, hata cc 100 itakunywea mshahara.

Kati ya Boxer na HLX nisingegombana na mtu. Boxer ukikwama ukataka kuuza, inaondoka haraka. Kijiweni kwetu tangazo halimalizi siku mbili. HLX madereva wangu wawili waliisifia kiti: safari ya Kibaha na kurudi, mgongo haulalamiki. Mwachie fundi wako achague. Kama rafu yake imejaa vifaa vya Boxer, jibu umeshalipata.

Swali zito zaidi ni mpya au ya mkononi. Bodaboda inayofanya kazi kweli hapa Dar hutembea kilometa 100 hadi 150 kwa siku. Piga kwa siku 300, mwaka mmoja ni kilometa 30,000 hadi 45,000. Kwa hiyo mtu akikwambia "ina mwaka tu, bado mpya," amekwambia ukweli nusu. Mita usiiangalie, waya wake ni wa kwanza kukatwa. Angalia mpira wa kukanyagia miguu umelika kiasi gani. Angalia sproketi ya nyuma: meno mapya yana vichwa butu, yaliyochoka yamechongoka na kuinama upande mmoja. Piga stendi ya kati, shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, bushi zimekwisha. Na hakikisha unaikuta injini ya baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika ana sababu yake. Ipige kiki mwenyewe, utazame bomba: moshi wa bluu usioisha maana yake injini inakula oili, na hapo unakwenda kununua pistoni na pete zake.

Ukinunua mpya, usidhani kazi imekwisha. Pikipiki haiji kutoka India imesimama kwa miguu yake. Inakuja kwenye boksi vipandevipande, na inafungwa na kijana wa dukani ambaye siku hiyohiyo ana nyingine 10 za kufunga. Ya shangazi yangu ilifika nyumbani nati ya ekseli ya nyuma imekazwa kwa mkono tu. Kwa hiyo kutoka dukani pitia kwa fundi, akaze kila nati, alegeze cheni kama imevutwa kupita kiasi, aangalie breki. Kisha kwa mchomelea: bampa, karia imara, na vyuma vya kushikiza ule mkono wa gurudumu la nyuma, kwa sababu India walipoichora hawakufikiria mama mmoja, mtoto mgongoni na ndoo mbili za dagaa. Tenki livalishwe gozi, litakusaidia siku ya kuuza.

Oili ya kwanza imwage mapema, kwenye kilometa 500 hivi, itoke na vumbi la chuma la injini mpya. Nunua 20W-50 ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA kwenye kopo. Siyo mbwembwe. Kwenye pikipiki hizi klachi inaoga kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa za kupunguza msuguano. Klachi inaishi kwa msuguano. Ukiipaka dawa hiyo inateleza, injini inalia, pikipiki haiendi, na fundi anakuuzia klachi plate ambazo hazikuwa na kosa.

Sasa hesabu zenyewe. Ukimpa dereva kwa mkataba (analipa kila siku, mkataba ukiisha pikipiki ni yake) wa shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwenye karatasi mwaka unatoa 3,120,000. Karatasi haijui mvua za masika, misiba, tairi iliyochanika wala siku pikipiki inapolala kituoni. Mimi nahesabu wiki 44, yaani 2,640,000. Mkataba wa mwaka ninauandika miezi 14, na dereva mwenye akili hashangai. Anayesaini haraka bila kuuliza ndiye wa kumwogopa.

Namba 2: Kirikuu, kama una mzigo wako mwenyewe

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, haiwekwi kwenye zulia. Iko yadi, imebanwa kati ya Noah mbili, na hakuna anayepiga nayo picha. Lakini mtu mwenye duka la vinywaji, wa kuuza mbogamboga au mwenye tanuri la mikate, ningempeleka huko kabla ya kumpeleka kwenye pikipiki 3.

Kirikuu mwenyewe ni Suzuki Carry, ingawa Daihatsu Hijet na Mitsubishi Minicab nazo zinaitikia jina hilo. Kwao Japani ni gari la daraja dogo lililowekewa mipaka ya sheria: injini isizidi cc 660, urefu mita 3.4, upana mita 1.48, na mzigo usizidi kilo 350. Rudia hiyo ya mwisho. Kilo 350 ni mifuko 7 ya saruji. Sisi tunapakia 20, tunamweka kuli juu yake, halafu tunashangaa springi zimelala chali. Inabeba, sikatai, watu wanaongeza springi na maisha yanaendelea. Ila ujue kwamba kila safari unakopa kwenye bushi, bearing na klachi, na deni lake huja kwa mkupuo.

Nilishuhudia fundi wa Buguruni akitengeneza moja kando ya barabara. Hakufungua boneti, kwa sababu injini haiko mbele ya miguu. Alimshusha dereva, akafyatua lachi mbili, akainua kiti chote kama mfuniko wa sanduku, na injini ikawa pale chini, inafuka, palipokuwa makalio ya dereva dakika moja iliyopita. Ndiyo maana madereva wa kirikuu wanakalia kipande cha boksi au kitenge. Ndiyo maana pia maji yakipungua unaweza usijue mpaka joto likupande mgongoni. Unapokwenda kununua, inua kiti hicho. Tafuta alama za maji yaliyotapakaa na kukauka, bomba lililofungwa kwa mpira wa tyubu, na harufu ya oili iliyoungua. Kisha lala chini utazame chesisi nyuma ya kibanda cha dereva: zilizotoka sehemu za Japani zenye theluji zimekula chumvi ya barabarani, na kutu yake hufichwa kwa rangi nyeusi ya kopo. Gonga kwa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinameza sauti.

Kwa upande wa kodi ina afadhali: injini isiyozidi cc 1000 hailipi ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini. Chukua ya gia za mkono. Na ukikutana na Subaru Sambar ya zamani, nzuri, laini, injini iko nyuma na ina silinda 4, rudi kwenye swali la fundi kabla hujapenda.

Namba 3: Boxer 150 au HLX 150

Ni kama namba 1, ila kwa watu wa milimani na wa mizigo. Kama chombo kitalala Lushoto, Matombo au Makete, ambako abiria mmoja anapanda na gunia la viazi na barabara inapanda naye, usinunue 125 ikajiua. Boxer 150 injini yake ni cc 144.8, haina maajabu, lakini inavuta hata injini ikizunguka polepole, bila kudai gia ya kwanza kila kona. Petroli itapanda kidogo. Tairi ya nyuma chagua yenye meno, ile ya mjini kwenye utelezi wa udongo mwekundu ni sabuni.

Namba 4: Bajaji

Hapa nitawaudhi watu. Bajaji ni chombo kizuri, na injini yake ya cc kama 200 iliyo nyuma ndiyo iliyoipa herufi RE, yaani "rear engine", kwenye jina la kiwandani. Abiria 3, mvua haiwapati sana, kina mama wanaipenda kuliko bodaboda. Ikifungwa mfumo wa gesi asilia, gharama ya nishati inashuka kwa kiasi ambacho dereva anakionyesha usoni. Kwa nini basi naiweka ya nne?

Kwa sababu bei ya moja mpya inanunua pikipiki 3, na pikipiki 3 haziharibiki siku moja. Bajaji ikilala, mapato yote yamelala. Halafu kuna mambo ambayo kijana wa bandani hakwambii: leseni ya usafirishaji ya LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, bima, na zaidi ya vyote kijiwe. Vijiwe vizuri vimeshajaa, kuingia kuna kiingilio chake na wenyewe wana uongozi wao, na bajaji isiyo na kijiwe inakunywa mafuta ikitafuta abiria ambao wako kwenye kijiwe. Na foleni za gesi hapa Dar zimewahi kumfanya dereva wangu apoteze asubuhi nzima, akafika kwenye pampu abiria wa kwenda kazini wameshafika kazini.

Kama una kijiwe tayari, au wewe ndiye utakayeiendesha, ipandishe mpaka namba 2. Sitabisha.

Namba 5: Pikipiki ya Kichina

SanLG na ndugu zake wengi. Zamani ndizo zilizojaza barabara, na kuna sehemu watu bado wanaita pikipiki "toyo" kwa jina la mojawapo. Kuzidharau ni rahisi, lakini zina historia ya kuheshimiwa. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, pikipiki waliyoichora makusudi kwa nchi zetu, baada ya kuona wateja hawabadilishi oili kwa wakati na cheni ya ndani ya injini inachakaa. Wakaiondoa cheni hiyo, wakaweka fimbo za kusukuma valvu. Wachina wakaiga injini hiyo kwa mamia ya majina, na ndiyo maana kifaa cha pikipiki ya jina hili mara nyingi kinaingia kwenye pikipiki ya jina lile, na fundi wa kijijini anaifungua huku anasimulia mpira wa jana.

Tatizo ni vinavyoizunguka injini: nyaya, swichi, chuma cha spoksi, bearing za bei ya karanga. Shambani, safari 2 kwa siku, maji na majani ya ng'ombe, ni chaguo la akili kwa bei yake. Kwenye kijiwe cha mjini, kuanzia asubuhi hadi saa 4 usiku, utamzoea fundi kuliko mkeo. Na jina liwe lile linalojulikana. Nyoka yangu ilitoka kwenye kundi la majina yasiyojulikana.

Namba 6: IST ya teksi mtandao

Hii ndiyo inayouliziwa kuliko zote, na ndiyo ninayoikatalia mara nyingi. Siyo kwa sababu ya gari. Toyota IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ni gari gumu. Injini za 1.3 na 1.5 mafundi wanazijua kwa kupapasa, na gia zake za otomatiki za hatua 4 hazina makuu. Ya pili, iliyoanza 2007, nyingi zina gia za CVT, za mkanda zisizo na hatua, na hizo zinataka mafuta yake maalumu. Fundi akikuwekea yale ya gia za kawaida amekuandalia hasara.

Ninachokatalia ni hesabu. Tuseme umeipata IST ya 2005 ya cc 1500 kwa dola 3,000 mpaka bandarini Dar. Ushuru wa forodha asilimia 25, yaani dola 750. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 wa injini inayozidi cc 1000, na asilimia 30 ya uchakavu kwa gari lililozidi miaka 10. Hiyo ni kama dola 1,312. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote, dola 911. Umelipa kodi takribani dola 2,970 kwa gari la dola 3,000, kabla ya tozo ndogondogo, wakala wa forodha na usajili. Na TRA, watu wa mapato, wana makadirio yao ya thamani, hivyo risiti yako ya bei ya chee si lazima ikusaidie. Ndugu zetu wa Kenya hawana hata mjadala huu, sheria yao ya miaka 8 iliifungia IST ya kwanza mlango zamani.

Gari likishaingia barabarani, nauli huipangi wewe. Mwaka 2022 Uber walisimamisha huduma Dar kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mvutano wa nauli na kamisheni, na wenye mikopo ya magari wakajua siku hizo zina urefu gani. Kama IST ni ya familia na jioni unapiga vichwa viwili vitatu, sawa. Kama ni chombo cha kwanza cha kukutoa, tafuta kingine. Ukiamua ya mkononi, tofauti ya namba C, D na E kwenye kibao ni ya muda gari lililokaa nchini tu, haikwambii limetunzwaje.

Ya umeme: namba haina bado

Mabanda ya pikipiki za umeme yana watu wengi na maswali mazuri. Nimeijaribu moja: kimya, nguvu inakuja mara moja, hakuna gia. Ningekuwa Kigali ningeinunua kesho, kwa kuwa kampuni ya Ampersand wana vituo vya kubadilishia betri na serikali imeamua bodaboda mpya za biashara mjini ziwe za umeme kuanzia 2025. Nairobi nako kampuni ya Roam na wenzao wanasukuma. Kitu cha kuelewa ni kwamba betri ndiyo roho na ndiyo gharama. Mara nyingi unanunua mwili, betri unakodi kwa kubadilishana, hivyo unaolewa na mtandao wa vituo wa kampuni moja. Hesabu vituo vilivyo ndani ya njia zako za kila siku. Vikiwa vitatu au zaidi, zungumza. Kikiwa kimoja, na kiko kwenye ofisi ya muuzaji, subiri.

Guta la injini la matairi matatu nalipita haraka: linabeba vizuri, linapinduka vizuri zaidi. Na yale mapikipiki makubwa ya mwendo, ambayo kila mtu alipiga nayo picha, nayaacha kwenye picha.

Ukiwa mbele ya kijana wa mauzo

Mwakani utarudi, najua, na zulia litakuwa jekundu vilevile. Bei ya maonesho iulize kwa vipande: usajili umo? Bima imo? Kofia ngumu ni 1 au 2? Risiti ni ya EFD, ile mashine ya kodi, au ya kitabu? Kadi itatoka kwa jina la nani, na baada ya siku ngapi? Waranti inatibiwa karakana ipi, siyo "tuna mawakala nchi nzima" bali mtaa gani? Kama ni ya mkononi, linganisha namba ya chesisi kwenye chuma na ile ya kwenye kadi kwa kidole, tarakimu moja moja, na ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa faini za trafiki kabla hujarithi deni la mtu.

Halafu muulize bei ya klachi plate. Akikutajia palepale, na akakuonyesha boksi lake, endelea kuzungumza naye. Akikimbilia kwa meneja, chukua kalamu yake ya bure uende zako ukale mishkaki.